Kitabu Kilicholowa Mvua

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mushaki tuko wazima, na mama yako amevuna viazi. Unauliza kama uache mafunzo ya wakutubi wa serikali, maana wanawashindisha mkishona vitabu vilivyochanika.

Ujanani nilifundishwa hivyo hivyo, kisha nikatumwa kwenye maktaba ya Walikale. Siku moja mama mkulima wa kijiji cha Ntoto alirudisha kitabu cha kilimo kimelowa mvua, kurasa zinadondoka.

“Papa, utanifungisha jela?”

“Nikikufungisha, nani atasoma?”

Nilikikausha, nikakishona mbele yake. Akazivuta-vuta kurasa kuona kama zimeshika, akacheka: “Njo kusema naweza beba ingine?” Yaani, aazime kitabu kingine.

Amua mwenyewe, Neema. Mimi, tangu maktaba yetu ifungwe, kila siku natamani mtu aniulize tena hivyo.

Babu yako, anayekuwaza