Mvumo Ukikatika

Barkly East, Mei 11

Dada Nomfusi,

Salamu kwako na kwa Mama. Magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Mimi nasumbuliwa na mgongo tu. Ukishinda umeinamia kondoo ukiwanyoa, jioni hunyooki kwa mara moja.

Nimepata leseni ya redio. Mzee Visser, fundi wa mashine zetu, alinifundisha tangu kiangazi hadi nikafaulu mtihani, kisha akanipa redio yake ya zamani ya mkononi. Nimepewa jina la hewani, nalo linaanza na Z, kama langu. Mzee amenionya kuwa redio hiyo si ya kazi za shamba. Ni ya kusalimiana, na siku ya hatari ni ya kuita msaada. Karibuni napanda kituo cha juu kulinda kondoo hadi theluji iishe, mimi na Mzee Ngcwabe peke yetu. Simu haishiki huko.

Kila Jumapili asubuhi Bi. Hettie, msimamizi wa klabu yetu ya redio, huita wanachama mmoja mmoja, nao hujibu. Mtambo ulioko kileleni hupokea sauti zetu na kuzirusha hadi kwenu. Sikilizeni kwa ile redio ndogo niliyompa dereva wa lori la sufu awaletee. Iacheni ivume, msiizime. Kusikiliza mnaruhusiwa. Kujibu hapana, hamna leseni.

Naogopa, dada. Unajua kwa nini.

Mdogo wako,
Zolile

Cala, Juni 3

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mama anatembea na kulalamika, kwa hiyo ni mzima.

Jumapili zote tumesikiliza. Bi. Hettie anaita jina lako, mvumo unakatika, kimya, kisha mvumo unarudi. Mara ya mwisho mwanamume mmoja akasema, "Huyu anayechezea kitufe aende akachunge mbuzi." Wenzake wakacheka. Bi. Hettie akaita jina linalofuata.

Wewe hatukukusikia. Mama anasema umekufa na shamba linaficha. Nimemwambia shamba haliwezi kuficha mtu mrefu kama wewe. Hakucheka.

Uko wapi?

Dada yako,
Nomfusi

Kituo cha Juu, Juni 12

Dada,

Salamu zenu zimenifikia. Mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi.

Mwambie Mama sijafa. Anayechezea kitufe ni mimi. Nikibonyeza, mvumo wenu unakatika kwa sababu nimeingia hewani. Kisha Z inakwama, kama ilivyokwama shuleni mpaka mwalimu akaniita Bubu nikaacha kwenda. Shambani naitwa "wewe", sina haja ya kujitaja. Hewani sheria ni kujitaja kwanza. Wakicheka naachia.

Mzee Ngcwabe ananiuliza, "Kondoo mbona unawatukana vizuri?" Kweli. Kondoo hawanisubiri nimalize.

Theluji imeanza. Mzee anateleza kila akienda kuchota maji. Akivunjika, nitamwitia nani kwa mdomo huu? Nafikiri nirudishe redio, apewe mtu anayeweza kusema. Usimwambie yeyote.

Mdogo wako,
Zolile

Cala, Juni 20

Zolile,

Hujambo? Nimemwambia mtu.

Nilipanda lori la sufu hadi mjini nikamkuta Mzee Visser amelala chini ya trekta. Nikamwambia, "Mnayemcheka ni mdogo wangu. Ana kigugumizi." Alitoka, akakaa pale pale sakafuni. "Miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasema," akaniambia. "Nikadhani yeye ni mpole tu."

Kasirika ukitaka. Redio usirudishe. Mama anauliza kama una soksi.

Dada yako,
Nomfusi

Cala, Julai 14

Mdogo wangu,

Tunatumaini u mzima, maana hujajibu. Barabara imefungwa, na barua hii itakaa dukani hadi lori lipande. Naandika kwa sababu hujui upande wetu ilisikikaje.

Tangu theluji ianze Mama hakubali redio izimwe. Jumatano ile mchana mvumo ukakatika, ukarudi. Yule wa mbuzi akaanza, "Nani tena huyu?" Bi. Hettie akasema, "Toka hewani, Kobus. Zolile, kama ni wewe, bonyeza mara mbili."

Ukabonyeza mara mbili.

"Tumekupata. Mtambo ukikukata kwa kukaa hewani muda mrefu, bonyeza tena. Hakuna atakayeingia."

Na hakuna aliyeingia. Tulisikia upepo, na pumzi zako, na Z, na Z tena. Mama alinibana mkono. Uji uliungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Kisha likatoka jina lako lote la hewani, na nyuma yake, "Mzee Ngcwabe, mguu, mfupa umetoka nje."

Kobus ndiye aliyepanda na trekta lake kumchukua. Mzee yuko hospitali, anakisema vibaya chakula chao. Wewe ulikataa kuwaacha kondoo, wametuambia.

Jumapili iliyopita Bi. Hettie alikuita na mvumo ukaendelea tu. Akakuita tena. Mzee Visser ametuma neno kwamba ni betri yako, huchajiwa kwa jua, na jua halijatoka huko. Mama alihamishia kiti chake kando ya redio.

Leo ni Jumapili nami naandika huku nasikiliza. Wamejibu karibu wote. Kobus amejibu. Sasa Bi. Hettie anakuita wewe.

Mvumo umekatika.

Mama anasema, "Weka kalamu chini, unapiga kelele. Mwache achukue muda wake."

Dada yako,
Nomfusi