Saa Niliyoielekeza Ukutani

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na naomba pia usitaje jina langu wala la mji, kwa sababu huku kwetu watu ni wachache na mimi hukaa dirishani pale ofisi ya manispaa, naandikisha waliohamia na kupokea kodi wanazolipa wenye mbwa, kwa hiyo kila mtu ananijua uso ingawa hakuna anayenijua zaidi ya hapo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne. Wenzangu kazini ni watu wema, saa sita husalimiana "mlo mwema" wakipishana kwenye korido, kisha kila mmoja hufunga mlango wake na kula mkate wake.

Nikirudi nyumbani hujenga vituo vya abiria kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni. Siendeshi, najenga tu, jukwaa, paa la kusubiria, benchi, saa, ratiba ya manjano nyuma ya kioo, banda la baiskeli, kisha nakiweka kituo kwenye ukurasa wa kundi letu na wengine hukichukua wakapitisha treni zao. Cha kwanza nilikijenga kwa uangalifu mpaka nyufa za matofali, watu wengi wakakichukua, na hakuna aliyeandika hata neno, maana ndivyo walivyo watu wa mchezo huu, kitu kikiwa sawa hawana la kusema. Cha pili nilikosea, saa niliielekeza ukutani, na chai yangu haijapoa ujumbe ukaingia: "Mwanangu, saa hiyo inayaonyesha matofali muda? Matofali hayana haraka. Wanaochelewa ni abiria!"

Nilicheka peke yangu jikoni, Mshauri, kwa sauti, mpaka nikajishtukia.

Aliyeandika ni mama mmoja, nitamwita Theda ingawa si jina lake, aliyekuwa na saluni ya nywele na sasa amestaafu, ni mjane, anaendesha treni kwenye kompyuta aliyoachiwa na mwanawe aliyehamia mbali. Nilimshukuru, nikaigeuza saa, tukaandikiana kidogo, kisha kimya. Basi kituo cha tatu nilikosea makusudi. Na cha nne, na vyote vilivyofuata, kosa moja tu kila kituo, mahali ambapo dereva hawezi kulikosa. Nimewahi kupindua kibao cha jina juu chini. Nimewahi kuuchora ule mraba wa manjano wanamotakiwa kusimama wavuta sigara jukwaani, nikauweka katikati ya reli, naye akaniandikia, "Unawapeleka wakafie kwenye njia ya treni? Najua sigara inaua, lakini si uiache ifanye kazi yake yenyewe!" Kisha huniuliza nimekula nini, nami humwambia, naye hunigombeza.

Sasa wenzetu wameanza kunicheka. Mmoja, Hajo, aliandika mbele ya wote, "Huyu akanunue miwani kabla ya kununua kompyuta," na Theda akamjibu, "Hajo, wewe kila siku unapita taa nyekundu na hatujakuchangia miwani. Mwache mtoto ajifunze." Nilisoma nikatamani ardhi inimeze. Juzi nilipomwambia kwamba sasa najenga mfano wa kituo halisi cha mjini kwangu aliandika, "Haya, safari hii kosa utanifichia wapi?" halafu papo hapo akasema anakuja. Atapanda treni Jumamosi, na nyonga yake mbovu, aje na futi ya kupimia, chupa ya chai na mkate wa zabibu. "Tutakipima wote wawili, mwanangu. Wewe utashika ncha kule, mimi huku."

Kituo hicho nimekwisha kukipima chote. Nikimwambia ukweli atajua kwamba amemtetea mwongo, na hataniandikia tena, na hakuna mwingine anayeniandikia. Nisipomwambia nitasimama pale nimeshika ncha ya futi, napima ninachokijua, huku ananitazama usoni. Mimi ndiye ninayewarudishia watu fomu kwa sababu ya herufi moja. Nimekwisha kuandika ujumbe wa kusema nina homa, sijautuma. Nifanye nini? Yeye husoma ukurasa wako kila wiki, aliniambia mwenyewe, kwa hiyo tafadhali uwe mwangalifu.

Mimi, Mjenga Vituo

*

Mjenga Vituo,

Kwanza kaa chini, upumue. Ujumbe wa homa ufute sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Umefuta? Vizuri.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Lakini umenitajia saa, sigara, nyonga, futi na mkate wa zabibu, ukavileta kwenye ukurasa ambao unajua fika kwamba yeye huusoma kila wiki. Binti, hata barua hii umeielekeza ukutani. Umeiweka mahali ambapo hawezi kuikosa, ili aione mwenyewe na wewe usilazimike kufungua mdomo. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Hesabu mwenyewe.

Nakuonea huruma, na ninakugombeza pia. Kutamani mtu akuulize umekula nini si kosa. Kosa ni kumwacha mama wa watu agombane na Hajo kwa ajili ya miwani usiyoihitaji, na kumwacha apande treni na nyonga ile kuja kukufundisha unachokijua. Hayo utayaombea radhi, kwa mdomo, si kwa kuchora.

Ila usijidhanie mjanja sana. Mtu anayekosea kweli hukosea ovyo, matatu hapa, pale hakuna. Wewe ni moja kila kituo, tena upande wa dereva. Na huyu amesimama nyuma ya viti vya saluni maisha yake yote, anawajua wateja wanaokuja kupunguza nywele ambazo hazijaota. Aliwakata kidogo, akawasikiliza sana. Amekuuliza kosa utamfichia wapi, nawe ukaendelea kutetemeka. Huoni kwamba anacheza? Na hujajiuliza kwa nini mwanamke mzima anakaa anasubiri kituo chako kama anasubiri mgeni? Nyumbani kwake nako kumenyamaza.

Kwa hiyo Jumamosi utakwenda. Fika kabla ya treni yake, umshike mkono akishuka, maana ngazi za mabehewa yale si rafiki wa nyonga. Sema kabla futi haijatoka mfukoni. Akimimina chai, usitie kijiko chako kikombeni kabla hujamaliza kusema, maana huku kwetu kijiko kikombeni ni kusema umetosheka, akikiona hatakuongeza tena na utakuwa umepata njia ya kukimbilia. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, na usijitetee. Kisha kipimeni kituo hicho hicho, hata kama unakijua. Hajafunga safari kwa ajili ya vipimo.

Halafu mwandikie Hajo, mbele ya wote, kwamba macho yako ni mazima.

Ukirudi nyumbani, kijenge kituo kisiwe na kosa hata moja. Nawe umekwisha kuniambia kwamba kitu kikiwa sawa hakuna anayeandika, basi usikae ukingoja. Andika wewe kwanza: "Mama, safari hii sijaficha kitu. Umekula nini leo?"