Jina la Machibya

Mabatini, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, miguu imepungua uvimbe, na Baba mdogo Rwekaza bado anakusaidia migombani. Sisi huku ni wazima. Nasema sisi, Mama, na nina maana mimi na Cleophace. Siku ile nilipokuambia kwa fumbo kwenye simu kwamba mgonjwa wetu amepona, nilijua hukuniamini. Mdogo wangu yu hai. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anamenya ndizi, na anazimenya vibaya kama kawaida yake, nusu inabaki kwenye ganda.

Nimempa Evelina wa jumuiya yetu akuletee barua kwa mkono, kwa sababu mengine siwezi kuyasema kwenye simu.

Unajua kwamba Cleophace alikuwa anazungumza mtandaoni kuhusu vijana waliokamatwa kwa kuhoji uchaguzi. Mwanzoni walimsikiliza rafiki zake tu. Baadaye nikawa nimekaa kwenye cherehani yangu, nasikia sauti ya mdogo wangu ikitoka kwenye simu za wateja. Alipowaomba watu watoke barabarani bila kubeba hata jiwe, walitoka, na yeye akawa mbele yao na lile shati la njano nililomshonea Pasaka. Kila mwenye simu alilijua.

Risasi zilipoanza alikuwa na Machibya wa Misungwi, mwenzake wa chuo. Unamkumbuka, alikuja nyumbani Krismasi, akaogopa kula senene, eti ni panzi, halafu akamaliza sahani. Machibya alimwambia, "Vua hilo shati unipe. Wanakutafuta wewe, mimi hawanijui." Wakabadilishana nyuma ya kibanda cha chipsi, kila mmoja akakimbilia njia yake.

Siku hiyohiyo mtandao ulizimwa. Uliporudi, kitu cha kwanza kuingia kwenye simu yangu kilikuwa video ya kijana amelala kifudifudi barabarani, na shati langu mgongoni. Chini waliandika jina la Cleophace na kuweka mishumaa. Nilitambua mshono wangu, nikapiga yowe hadi majirani wakaja. Nanyi huko mkaweka matanga bila mwili, maana mochwari walikataa kunionyesha wala kunipa. Watu nisiowajua, wa miji ambayo sijawahi kufika, walitoka tena barabarani wakiinua picha ya mdogo wangu.

Kisha akaingia, Mama, kwa mlango wa uani, akinuka dagaa. Alikuwa amejificha kwa wavuvi visiwani, hana simu. Kabla sijamaliza kumkumbatia aliniuliza Machibya yuko wapi. Nikampa simu yangu aone mwenyewe.

Nikuambie ukweli: nilipoelewa kwamba ni Machibya, moyo wangu ulifurahi kwanza. Nilimsihi Cleophace abaki marehemu, maana maiti hatafutwi na polisi. Akaniambia mwili wa Machibya uko mochwari umeandikwa jina la Cleophace, na mama yake hawezi kumzika mtu ambaye hajui kwamba amekufa.

Tulikwenda Misungwi. Mama yake, Dorotea, tulimkuta anaanika mpunga. Alidhani tumemletea salamu za mwanawe kutoka mafichoni. Cleophace alipiga magoti kwenye vumbi, akasema, "Mama, yule wa shati la njano ni Machibya."

Video ile alikuwa ameiona kwenye simu ya jirani. Shati hakulijua, na uso haukuonekana. Alituambia kwamba tangu siku hiyo, kila alipoamka, alikuwa anamwombea mama wa yule kijana. Alikuwa anakuombea wewe, Mama. Akashika fulana aliyovaa Cleophace, akaitambua ni ya mwanawe, akakaa chini kwenye mpunga wake. Baadaye sana akasema, "Kumbe wote wale wanamlilia mwanangu, ila hawamjui jina."

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Asubuhi hii Cleophace amerekodi video nyingine. Anasema yeye yu hai, na aliyelala barabarani ni Machibya, mwana wa Dorotea. Mimi nimesimama pembeni yake, uso wazi, nikisema shati nililishona mimi. Barua hii itakapokufikia, video itakuwa mtandaoni, na sisi tutakuwa tumekwenda na wakili polisi, kisha mochwari. Wanaweza kumshikilia. Wanaweza kunishikilia na mimi. Naogopa, lakini nimekubali, na nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye simu za watu.

Nisalimie Baba mdogo na wote pale nyumbani. Evelina mpe chai, ametoka mbali.

Mama Dorotea anaomba uje mazishini, siku yoyote watakayotupa mwili. Anasema angependa ukae naye. Nimemwambia utakuja.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Josepha