Saini ya Fundi Timazi

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto bado unanigomea asubuhi. Wewe je, unakula? Macho hayakuumi kwa kukodolea kompyuta kutwa?

Nakuandikia barua kwa sababu huko ofisini mnanyang'anywa simu mlangoni, na hapa nyumbani kuta zimeota masikio. Baba yako mdogo amehamia sebuleni. Alikuja kunipa pole ya msiba, akaja na kitanda. Sasa amefungua kesi. Anasema nyumba ni ya kaka yake, kwa hiyo ni yake, na mimi nilikuwa napika tu humu ndani.

Kiwanja hiki nilikinunua kwa cherehani yangu, unajua. Lakini hati iko kwa jina la marehemu baba yako. Enzi zile nani angeandika jina la mwanamke? Muuzaji naye ameshakufa. Amebaki Fundi Timazi, mwashi wetu, aliyekuwepo siku ninampa muuzaji fedha mkononi. Na yeye vumbi la saruji limemmaliza mapafu, anakohoa mpaka anakaa chini.

Majirani wameniuliza nitamweka wakili gani. Nimewajibu, wakili wa kukodi wa nini na mimi nimezaa wangu? Njoo, mama.

Mama yako

11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, macho yapo. Pole na mguu, na pole zaidi na huyo mgeni wa sebuleni.

Siwezi kuja. Likizo zimefungwa mpaka kazi iliyopo iishe, na mkataba wangu unanikataza kushika kesi nyingine yoyote. Nikionekana mahakamani, kazi sina. Tuko mawakili arobaini chumba kimoja, tumekaa safu safu kama watahiniwa. Mawakili wa ng'ambo wanatutumia barua za makampuni yanayogombana huko kwao. Sisi tunasoma na kubonyeza: inahusika, haihusiki, siri; kisha tunawaandalia maelezo ya mashahidi wao. Tangu niapishwe kuwa wakili sijasimama mbele ya hakimu hata mara moja. Hilo usiwaambie majirani.

Lakini usihofu. Maelezo ya mashahidi ndiyo kazi yangu ya kila siku, na wakubwa wa ng'ambo hawabadilishi hata nukta. Nitakuandikia kila kitu, wewe upeleke kwa jina lako. Haya maswali muulize Fundi, uniletee majibu yake kama atakavyoyasema.

Mwanao

27 Februari

Wakili wangu,

Hujambo? Mimi naendelea. Karatasi ulizoandika kutokana na majibu ya Fundi zimefika, nzuri hata kuzishika naogopa.

Nilimsomea Fundi maelezo uliyoyapanga. Akasema, "Huyu mtoto wako ameninyoosha. Mimi sijawahi kusema maneno yaliyosimama wima hivi." Tukacheka, akakohoa, mkewe akanitazama kwa jicho baya. Ametia saini pale chini ulipoweka mstari.

Jambo moja. Karani wa mahakama ameniuliza kama Fundi ameapa mbele ya kamishna wa viapo. Kumtoa kitandani mpaka mjini ni shida, lakini ukisema ni lazima nitamtafutia gari. Nifanyeje?

Mama yako

5 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, naandika haraka, mapumziko yanaisha.

Usimsumbue mzee wa watu. Pale juu ya saini yake nimeandika kwamba anaamini aliyoyasema ni kweli. Hiyo inatosha. Nimeandaa mamia ya namna hii na hakuna iliyorudi. Karani mwambie asome vizuri.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi afya ninayo, furaha sina.

Tumeshindwa. Wakili wa baba yako mdogo alisimama, hata jasho hakutoka. Akasema karatasi ya shahidi haina kiapo, akakaa. Hakimu akaniuliza nani aliniandalia. Nikasema nimeandika mwenyewe. Watu wakacheka. Akasema basi nimlete Fundi aape. Nikamwambia Fundi tumemzika mwezi uliopita.

Sikukuandikia alipokufa. Nilimlilia, lakini nilijua maneno yake tunayo. Hakimu akasema maneno ya marehemu ambaye hakuapa hawezi kuyategemea.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nitoke. Nieleze tulikosea wapi, nieleze kama mtoto.

Mama yako

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi hali yako.

Hatukukosea sisi, nimekosea mimi. Ng'ambo shahidi akishaandika kwamba anaamini aliyoyasema, akasaini, imetosha. Kwetu ni lazima aape. Nilifundishwa chuoni, na mtihani nilifaulu. Lakini miaka yote hii nimeishi ndani ya sheria za watu, za kwetu zikanitoka, na ulipouliza sikufungua hata kitabu. Naona aibu, Mama. Silali.

Ipo njia. Tukate rufaa. Mimi nitaapa kwamba wakili aliyekuharibia kesi ni mimi, mwanao. Majaji huweza kumhurumia mteja kwa kosa la wakili. Kazi nitapoteza, na uwakili wenyewe huenda nikanyang'anywa. Niko tayari. Karatasi ya rufaa nimeiweka humu; tia saini hapo penye alama, uirudishe kabla mwezi haujaisha. Nakuomba.

Mwanao

26 Mei

Mama,

Shikamoo. Kila basi linalofika kutoka huko nakwenda kuuliza barua yako, nakuta hamna kitu. Simu yako imezimwa. Siku zinakwisha. Saini tu, Mama, saini moja.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mguu unaendelea vizuri. Niko chumba cha uani kwa mjane wa Fundi, cherehani imepata nafasi karibu na dirisha.

Karatasi yako ilifika mapema. Kalamu niliishika, mchana kutwa nimekaa nayo. Sikusaini. Siku za rufaa zilipopita nikaitia jikoni, nikachemshia maji.

Hasira ninayo, usidhani sina. Juzi nimeharibu kitambaa cha mteja kwa kukufikiria wewe. Nilikuuliza, mwanangu. Nilikuuliza kabisa. Lakini nyumba imeshakwenda. Nikienda mbele ya majaji nikakutoa na wewe, nitabaki na nani?

Watu nimewaambia hakimu alihongwa. Wameamini hata kabla sijamaliza. Mungu anisamehe, mtu wa watu hakula hata senti. Wakikuuliza, na wewe sema hivyo hivyo.

Likizo ikifunguliwa usije kwanza. Nikikuona nitalia, na mjane wa Fundi si mjinga, atajua aliyekosea ni nani.

Ule vizuri.

Mama yako