Shati la Gershom Halijakauka

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi, na naomba unisaidie kabla mabati hayajapanda juu, maana yakishapanda sitakuwa na la kusema tena. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijiji chetu kiko kando ya mto Tana, upande wa Kulesa, na kazi yetu mimi na mume wangu Gershom ilikuwa uwanja wa kufulia, si udobi, hatumfulii mtu, kila mtu huja na nguo zake akafua mwenyewe, akaanika mwenyewe na kuanua mwenyewe, sisi twatoa karai, mawe ya kufulia na kamba ambazo Gershom alizifunga kwenye miti aliyoichimbia kwa mkono wake, juu ya kilima kidogo penye upepo, na watu hutuachia mahindi au maziwa, tukaishi vizuri tu.

Mwaka huu mto ulifurika, nadhani mlisikia hata huko, maji yakaingia nyumbani kwetu yakaondoka na sanduku la nguo, na siku ile ile Gershom akauona mtumbwi wetu umekatika kamba unakwenda na maji, akaufuata. Mtumbwi ulipatikana Minjila umepinduka. Yeye hakupatikana mpaka leo.

Katika ukoo wa mume wangu, mtu akichukuliwa na mto na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo yake, likazikwa kama mtu, mwinjilisti akaomba, ndipo matanga yakawekwa na watu wakalia, na kabla ya hapo hakuna kilio. Nguo ya Gershom iliyobaki ni moja tu, shati la kaki ambalo nilikuwa nimelifua alivae Jumapili, lilikuwa kambani kule kilimani. Basi mama mkwe wangu alilishika, akalikuta linatona maji ya mvua, akasema mbele ya watu wote, “Mwanangu amechukuliwa na maji. Simziki na maji tena. Liacheni likauke kwanza.” Na wazee wakakubali.

Mshauri, shati hilo halijakauka. Mwanzoni ilikuwa mvua kweli, hakuna nguo ya mtu iliyokauka, lakini sasa mvua imepungua, za wenzangu zinakauka ingawa kwa kusuasua, na shati la Gershom bado, kwa sababu kila alfajiri nikienda kuchota maji, mimi mwenyewe nalimwagia kata moja ya maji. Nimeshasema. Sijamwambia mtu mwingine. Likikauka atazikwa, na akizikwa basi amekufa, na mimi nikimwaga kata ile naona kama nimempa siku nyingine ya kurudi, labda alishika gogo, labda yuko Kipini kwa watu anaumwa na hana wa kumtuma, nani ajuaye.

Sasa shemeji yangu Dado, mdogo wake Gershom, amerudi kutoka Malindi alikokuwa akimsaidia dobi, na anataka kubadilisha ukaushaji wetu wote, amekuja na mabati na waya, anasema atajenga kibanda cha udongo chenye paa la mabati, waya zipite ndani, chini makaa kwenye karai yaliyofunikwa bati lenye matundu ili majivu yasichafue nguo, na nguo ya asubuhi mtu ataivaa jioni hata mvua ikinyesha. Watu wamefurahi mno, na mimi ndiye nazuia. Dado nimemwambia waya utatia nguo kutu. Hibo, mke wa mwenye duka, Msomali, rafiki yangu kabisa, alinijia na mtoto mgongoni akaniambia, “Dinah, nguo ya mtoto kila siku baridi, mtoto nakohoa. Kwa nini wewe nakataza moto?” Nikamjibu moshi utaharibu nguo, naye akaenda zake. Mabati yamelala kwenye nyasi.

Mama mkwe kila asubuhi hupanda kilimani na fimbo yake, akashika mkono wa shati, akasema, “Bado,” akarudi kukaa. Uji hanywi tena, amekonda, mtu amebaki macho. Watoto wananiuliza kwa nini watu wanatuangalia vile. Na shati lenyewe limeanza madoa ya koga kwenye kola. Nimkatalie Dado vipi? Nipe neno moja tu la kumwambia, maana uongo umeniishia.

Mwenye majonzi,
Dinah

JIBU

Dinah mwanangu,

Majina yenu nimeyageuza, usiogope. Pole. Pole sana, na naisema mapema kwa sababu yatakayofuata hayana sukari.

Neno la kumwambia Dado sikupi. Umeniandikia habari za waya na moshi, lakini waya hauna kosa wala moshi hauna kosa. Shemeji yako ameleta jambo jema, na wewe umelilaza kwenye nyasi. Mtoto wa Hibo anavaa nguo za majimaji na kukohoa ili wewe upate kumngoja mumeo, na mama yake hajui kwamba mtoto anateseka kwa ajili hiyo. Huyo ni rafiki yako kabisa, umesema mwenyewe. Ungekuwa wewe ndiye Hibo ungesema nini?

Tena nisikilize, wewe uliyeishi na nguo. Shati lisilokauka huoza. Leo ni madoa, kesho kola itaachana, mshono wa bega utafuata, na siku moja utakwenda na kata yako ukute kitambaa kinakatikia mkononi. Hapo hutakuwa na mume wala nguo ya kumzikia. Mto ulimchukua mara moja, mwanangu. Mara ya pili utakuwa umemchukua wewe.

Basi, nimemaliza kugomba. Sasa nikuonyeshe kitu kilichomo katika barua yako na hukukiona. Mama mkwe wako ni mwanamke wa mtoni, amefua na kuanika tangu utoto wake. Kila asubuhi anakuta nguo za watu kambani zimekauka na shati moja linatona. Unadhani hajui? Mvua haichagui shati. Anajua, Dinah, na amejua siku nyingi, ila naye hajaweza kumzika mwanawe, ndiyo maana anasema “Bado” na kurudi kukaa. Wewe unamwaga maji, yeye anakusitiri, na mnafichana uchungu ule ule mmoja chini ya paa moja. Niliposoma hapo niliiweka barua chini nikalia, nami si mtu wa kulia ovyo. Lakini wewe ni kijana, unaweza kungoja ukabaki mzima. Yeye ameacha uji.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii umwambie Dado ajenge, na wewe ukande udongo pamoja naye. Miti aliyoichimbia Gershom msiing'oe. Jua litarudi, na penye jua kamba haishindwi na kibanda chochote. Kibanda kikiisha, nguo ya mtu mwingine isitangulie kuingia. Makaa uwashe wewe. Alfajiri hiyo kata iache nyumbani, umshike mama mkono, mpande pamoja mkalianue lile shati, na hapo hapo umwambie ulilokuwa ukilifanya. Atakuambia anajua, au atanyamaza, yote sawa. Mkitaka kulia kabla ya matanga, lieni. Wazee wakiuliza, waambie ni mimi niliyewaruhusu. Maziko yakiisha, wa kwanza kuingiza nguo kibandani awe Hibo, na umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa kumtuma mtu.

Shati lenyewe ulitundike kibandani kwa mkono wako, kisha mkae wawili mlangoni. Usiingie kulipapasa kila mara, wala joto likishafanya kazi yake usimtangulie mama kusema. Mwache aingie na fimbo yake, alishike mkono wa shati kama alivyozoea. Siku hiyo maneno yatamwia mazito. Simama karibu naye mpaka aseme, “Limekauka.”