Alisema Kaka Kuona

Kadutu, Bukavu, Jumapili

Yaya Felisita, dada yangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Nisamehe kwa salamu ya namna hii. Nilitaka kuanza kama mtu aliyelelewa, nikuulize kama miguu bado inavimba, kama mtoto anacheza tumboni, kama kifua cha mzee wetu Papa kimetulia tangu mvua zianze. Nayauliza yote hayo, na majibu yake nayataka kweli. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai.

Aliyekuletea barua hii ni Tonton Lutala, yule mwindaji wa ng'ambo ya mto. Sikuitia posta kwa sababu naogopa itafunguliwa. Usimpe katekista akusomee, hata ukihangaika na mwandiko wangu. Wamasista walikufundisha kusoma, basi soma mwenyewe polepole, halafu umwambie Papa kwa mdomo.

Najua huko nyumbani wanacheka kwamba Isidori alipelekwa mjini kusomea panya. Waache wacheke, ni kweli, na kazi yenyewe naipenda. Tunatega panya, popo na vyura, tunawapima, tunawachuna, tunapaka sabuni ya sumu ndani ya ngozi isioze, tunajaza pamba, tunafunga mguuni kikaratasi chenye jina la Kilatini. Mikono yangu inanuka dawa hata nikila ugali, na wenzangu wa chumba hawataki kula nami sahani moja. Lakini nikimaliza panya wangu, akalala pale mezani kama amesinzia, nafurahi kuliko siku ya komunyo. Profesa aliniahidi kwamba nikifaulu mtihani wa mwisho nitakuwa asistani wake, nipewe nyumba yenye sakafu ya simenti. Nilishaanza kuchagua upande wa kuweka kitanda chako, uje ujifungulie huku penye hospitali.

Mtihani huo ndio ulioniingiza matatani.

Profesa si mtu mbaya. Viatu ninavyovaa ni vyake. Ila Kiswahili chake alikitoa kwenye kitabu cha watu wa pwani, na anakisema kwa fahari kubwa. Wakati wa kiangazi alitupeleka barabara ya Kamituga kutega wanyama, tukamkuta Tonton Lutala. Profesa akafungua kitabu cha picha, akaweka kidole juu ya yule mwenye magamba, yule tunayesema alifundisha watu kuezeka nyumba, jani juu ya jani kama mgongo wake. Akasema, "Nataka kakakuona."

Sisi sote tulisikia: nataka kaka kuona. Anataka kuona tu. Huku kwetu "kaka" maana yake ni "tu", nani asiyejua? Hata mimi niliyekuwa nyuma yake na mitego nilisikia hivyo hivyo, nikasema moyoni, huyu mzungu ana adabu. Lutala alifikiri sana, akauliza, "Kaka kuona?"

Profesa akafurahi kwamba ameeleweka. "Ndiyo, ndiyo! Kakakuona!"

Basi wiki hii Lutala alifika laboratwari na kapu mgongoni. Mnyama alikuwa mzima, amejikunja kama kabichi. Profesa alipiga makofi, akatuita wanafunzi wote, akaandika ubaoni: kakakuona. Neno moja, Yaya, halina nafasi katikati. Akatueleza kwamba ndivyo watu wa pwani wanavyomwita mnyama huyu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameomba kuona tu.

Halafu akanigeukia. Akasema Isidori ni mtu wa Mwenga, anamjua mnyama wake, basi huyu ndiye atakuwa mtihani wake. Nimuue, nimchune, nimjaze pamba, apelekwe Ubelgiji kwenye nyumba ya makumbusho. Wenzangu walinipongeza.

Lutala alikuwa amekaa barazani, anangoja kapu lake. Nilipotoka akaniambia, "Muzungu alisema kaka kuona. Nimemuletea, ameona. Sasa anirudishie, niende kuiachilia kule nilikuikamata. We iko mutoto ya kwetu, umuambie muzuri."

Nilimwambia vizuri. Nilimweleza Profesa kwa Kifaransa neno lilivyosikika, na kwamba kwetu mnyama huyu hauawi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita Madame wake naye asikie. Kisha akanipiga begani, akasema kwa Kiswahili chake, "Vema, tumekwisha kumwona. Jumatatu utamchuna." Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza.

Wewe unakumbuka ule mwaka mti ulipoanguka ukamuua mmoja wa wanyama hawa shambani, bila mtu kutaka. Wazee wote walikutana, wakaimba, wakafanya yanayofanywa kukisafisha kijiji, ndipo kikatulia. Siku hizo walikuwa bado wanaruhusiwa kukutana. Serikali ilipowakataza, Papa alikutana nao mara moja tu, akafungwa, na gerezani ndiko alikokitoa kile kikohozi. Sasa niambie, akisikia kwamba mkono wa mtoto wake mwenyewe umemuua mwenye magamba, Papa atanyamaza? Atawaita wenzake, tena mchana kweupe, unamjua. Polisi watamrudisha kule, na kwa kifua kile hatatoka. Na yatakayoipata mimba yako sithubutu hata kuyaandika.

Kwa hiyo leo, watu wakiwa misani, nimemwiba.

Profesa amekwenda kisiwani Idjwi kutafuta vyura, atarudi jioni na mashua ya motari. Ufunguo wa chumba cha wanyama ninao mimi, kwa kuwa ndiye ninayewalisha. Nilimtia kwenye gunia pamoja na majani mabichi, nikapita Nyalukemba katikati ya nyumba za wazungu, jasho linanitiririka. Polisi mmoja akaniita.

"We! Iko nini mu gunia?"

"Kazi ya Profesa."

"Fungula."

Nikafungua kidogo. Akaona magamba, akaruka nyuma. "Iko nyoka?"

"Sijue, chef. Mi natumwa tu."

"Pita! Pita na kitu yako!"

Nimemkabidhi Tonton Lutala, amemtia tena kapuni mwake. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi hapa sokoni Kadutu, lori la kwenda Mwenga linapakiwa. Kila motari ikisikika upande wa ziwa nadhani ndiyo ile mashua. Naogopa, Yaya. Profesa akirudi atakuta sanduku tupu, ataniita, na mimi sina uongo wa kumpa. Sijui kama ni fimbo, au gereza, au kufukuzwa tu. Nikisema kufukuzwa tu, nakumbuka meza yangu, na kisu kidogo nilichozoea, na machozi yanakuja.

Tonton Lutala ananiambia, "Panda, mutoto. Twende kwetu." Sipandi. Nikikimbia watanitafuta huko, na wakifika huko watamkuta mnyama pamoja na Papa. Acha wanikute hapa. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za laboratwari, na ufunguo mkononi.

Nisalimie shemeji akirudi kutoka machimbo ya dhahabu, asinikasirikie kwa ajili ya ile nyumba ya simenti. Nisalimie Mama Mudogo aliyetulea, mwambie shuka alilonipa halijatoboka. Katekista naye msalimie vizuri, lakini umpe salamu tu. Mtoto akizaliwa kabla hujasikia habari zangu, usimpe jina langu bado. Ngoja kwanza ujue nimeishia wapi.

Sasa Papa. Lutala amelificha kapu nyuma ya nyumba, penye migomba. Mshike Papa mkono, mpeleke polepole asije akakohoa. Asiite mzee yeyote, asiimbe, asifanye lolote la kuwapa polisi sababu. Hakuna aliyekufa, hakuna cha kusafisha. Mfunulie tu majani. Akikuuliza Isidori alisema afanye nini, mwambie kaka kuona. Kisha Lutala amrudishe mnyama msituni.

Mdogo wako anayekupenda,
Isidori