Vidole Chini ya Mlango

Mahongole, Makambako
Julai

Kwako mama mpendwa,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti linakuruhusu walau kufika kanisani. Baridi ya Iwawa ya mwezi huu naijua, kwa hiyo usijifanye kijana. Livae lile sweta nililokufumia, usilifungie sandukuni pamoja na vitenge vyako. Mimi mwili ni mzima. Mashine ya kufumia inafanya kazi, na kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa wateja wananifokea kama kawaida yao.

Ningeweza kupiga simu, lakini haya si maneno ya simu. Nakuomba uyasome mwenyewe. Usimpe Remmy akusomee, maana mjukuu wako huyo ni mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa kutangaza.

Mama, nyuma ya nyumba niliyopanga anaishi binti mmoja anayeitwa Dainess. Mumewe alikwenda kupasua mbao porini, na tangu mwaka jana simu yake haipatikani. Amemwachia watoto wawili: Rejoice, ambaye hajaanza shule, na Timoth, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Dainess hubeba mbao kwenye ghala moja mjini. Pale hawataki mama mwenye mtoto mgongoni kwa sababu ya malori, na ndugu hapa hana. Basi kila alfajiri alikuwa akiwapikia uji, anawafungia ndani kwa kufuli, anaondoka. Sisi majirani tulijua. Tulikuwa tukilisema jambo hilo bombani, ndoo zikijaa kila mtu anakwenda zake.

Juma lililopita asubuhi, ukungu umeshuka mpaka huoni nyumba ya pili, nilipita mlangoni kwake nikienda kununua nyuzi. Nikaona vidole. Vidole vidogo vimetokeza chini ya mlango, vimetulia juu ya saruji. Nikamwita Rejoice, vidole havikusogea. Halafu nikasikia harufu ya mkaa.

Najua hapo umesimama kusoma. Na mimi nilisimama. Kwa kitambo sikuwa Mahongole, nilikuwa Iwawa kwenye ile nyumba yetu ya bondeni, na vile vidole vilikuwa vyangu. Kisha nikaokota jiwe, nikalipiga kufuli mpaka likaachia. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, dirisha limezibwa kwa blanketi. Niliwatoa nje, mmoja kila kwapa. Rejoice alitapika. Timoth alikuwa amelegea kabisa, halafu akalia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Tuliwakimbiza hospitali kwa bodaboda, na wako hai wote wawili.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa umejaa pale. Jirani yangu Mama Brightness, sauti yake unaikumbuka tangu ulipokuja Krismasi, alisema mwanamke wa namna hiyo anyang'anywe watoto, wapelekwe kituo cha kulelea watoto. Wengine wakataka polisi. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, na afisa ustawi wa jamii akaja. Dainess alikaa chini kwenye majani, maranda ya mbao bado yako kwenye nywele zake. Alipoulizwa kwa nini aliwawashia mkaa, alijibu kwamba walikuwa wanatetemeka, akaogopa watakufa kwa baridi. Watu wakaguna. Mimi nilisikia sauti yako, mama.

Hapo ndipo nilipofanya jambo linalonifanya nikuandikie. Nilisimama nikasema habari za Yosefu.

Najua tulivyokubaliana. Kwa watu wote mdogo wangu alikufa kwa nimonia. Hata mchungaji alihubiri nimonia. Mimi na wewe hatujawahi kulitaja lile jiko, hata tukiwa wawili tu. Pale kikaoni nilisema yote: kwamba baba alikuwa amefariki, kwamba ulikwenda kuvuna viazi vya watu ili tule, kwamba ulituwashia mkaa kwa kutupenda, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba mkaa unaua. Nikasema mimi nilipona kwa sababu nililala pua ikiwa chini ya mlango, nikitazama kama miguu yako inakuja. Nikawaambia mama yangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa peke yake na kazi ya watu watatu. Nikauliza nani kati yetu aliwahi kukaa na watoto wa Dainess, hata kwa muda wa kuchemsha chai. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Nisamehe kwa kuitoa siri yako bila ruhusa. Watu wa Makambako na wa huko kwenu Makete ni wale wale, ungesikia sokoni; nimetaka usikie kwangu kwanza.

Watoto hawakuchukuliwa. Aliyeanza kulia ni Mama Brightness, na ndiye wa kwanza kusema kwamba Jumatatu washinde kwake. Akina mama wa jumuiya tumegawana siku zilizobaki. Afisa amezungumza na wenye ghala ili Dainess aanze kazi kukisha kucha, na atakuwa akimtembelea. Siku zangu watoto wanazivuruga nyuzi zote, na kufuli nimelitumbukiza chooni.

Hata hivyo siko sawa. Kila mlango uliofungwa nautazama chini kwanza. Rejoice akisinzia kwangu mchana, naacha kazi nikamwekee mkono puani, nikirudi kwenye mashine nainuka tena.

Kuna neno moja sikulisema kikaoni, maana ni lako. Nimekusikia miaka yote katika sala zako ukiomba msamaha kwamba siku ile ulitembea polepole, kwamba uliogopa kumwaga viazi. Mama, mimi nilikuwa pale chini ya mlango, niliiona miguu yako. Ulikuwa unakimbia. Viazi vilikuwa vinadondoka, kimoja kikabingirika mpaka usoni kwangu, nawe hukugeuka kukiokota.

Nisalimie Remmy na wote wa hapo nyumbani. Dainess anakuamkia. Rejoice anauliza bibi wa Iwawa atakuja lini. Nimemwambia akija, mlango ataukuta wazi.

Mwanao,
Lidia